Beit el Ajaib ya mbao: mnara niuweke wapi?

Siku ya 1

Leo nimekata ubao wa chini: plaiwudi ya milimita 18, sentimita 80 kwa 60. Juu yake, Mungu akipenda, itasimama Beit el Ajaib kwa kipimo cha 1 kwa 100. Kila mita ya pale Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, itakuwa sentimita moja hapa mezani kwangu. Sebule imekwisha kuwa karakana. Mke wangu ameuliza swali moja tu: kazi hii itakwisha kabla ya Ramadhani? Nimemjibu inshallah, kwa sauti ile anayoijua.

Nyumba yenyewe haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Unguja, ila shajara hii huenda ikasomwa na wa mbali. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliijenga 1883 iwe jumba la sherehe na mapokezi, ukumbi wa kumfanya mgeni asahau alichokuja kuomba. Jina lake maana yake ni Nyumba ya Maajabu. Ilikuwa nyumba ndefu kuliko zote Afrika Mashariki enzi zake. Baadaye ikawa ofisi za serikali, halafu nyumba ya chama, halafu makumbusho. Mimi nimeifahamu ilipokuwa makumbusho. Nilikuwa nikilipa kiingilio, napanda juu kabisa, nasimama varandani dakika kumi nikitazama bandari, kisha narudi kazini.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, nyumba ikiwa katikati ya matengenezo. Watu wawili walifariki chini ya kifusi. Tokea siku hiyo nimekuwa nikijaribu kukumbuka ngazi zake zilivyopinda, na kila mwaka nakumbuka kidogo kuliko mwaka uliopita. Hiyo ndiyo sababu ya mradi. Sina nyingine kubwa zaidi.

Siku ya 3

Nimetandaza picha zote sakafuni: zangu za miaka ile ya makumbusho, nakala za kadi za posta za zamani, na picha mbili nilizopewa na jamaa aliyeko Muscat. Mpwa wangu, anayenisaidia baada ya skuli, alikaa juu yake dakika tano tu akaniuliza: "Ami, mbona hii haina mnara?"

Nikamwambia mnara upo, tazama vizuri. Akatazama vizuri. Haupo. Kwenye picha ile nyumba imesimama na nguzo zake zote, na mnara uko mbele yake, peke yake, kama mlinzi aliyetoka nje kupunga upepo.

Nilikuwa najua habari hii kwa kuisoma, lakini sikuwahi kuifikiri kama fundi. Mnara ule wa mbele ulikuwa mnara wa taa. Ulikuwa na safu za taa juu hadi chini, na mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakitia nanga bandarini waliupa jina la utani: mti wa Krismasi wa Sultani. Mnara tunaoujua sisi, ule wa saa uliobanwa katikati ya uso wa nyumba, haukuwepo. Barghash alikufa 1888 bila kuuona. Nyumba aliyoijenga yeye haikuwa na kile ambacho mtoto yeyote wa Mji Mkongwe akiambiwa achore Beit el Ajaib hukichora kwanza.

Kwa hiyo najenga ya mwaka gani? Nimeliacha swali hilo sakafuni na picha zake.

Siku ya 4

Sikulala vizuri. Asubuhi nimepanga picha upya, si kwa uzuri sasa bali kwa umri.

Mipaka miwili inasaidia sana. Mpaka wa kwanza ni tarehe 27 Agosti 1896. Picha yenye mnara peke yake mbele ya nyumba ni ya kabla ya asubuhi hiyo, kwa sababu baada ya asubuhi hiyo mnara ule haukuwa tena. Mpaka wa pili uko baharini. Meli ya Sultani iitwayo Glasgow, aliyoundiwa Barghash huko Uingereza, ilizamishwa siku hiyo hiyo, na kwa kuwa maji ya pale si ya kina kikubwa, milingoti yake ikabaki imechomoza. Ilichomoza hivyo kwa miaka, watu wakapita nayo kwa mashua kama wanavyopita na miti, mpaka mabaki yalipoondolewa 1912. Picha ya bandari yenye milingoti inayotoka majini bila meli chini yake ni ya kati ya 1896 na 1912. Kadi zangu tatu zimeingia humo. Moja niliyouziwa kwa bei ya "ya zamani sana, mzee, ya Barghash mwenyewe" si ya Barghash hata kidogo. Nimecheka peke yangu, ila kicheko kilikuwa na uchungu wa pesa.

Siku ya 5

Niandike habari ya vita mara moja, nisiirudie kila ukurasa.

Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa wakati ule, alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash, mtoto wa mwenye nyumba, akaingia kwenye majumba siku ile ile na kujitangaza Sultani. Waingereza, ambao Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tokea 1890, walimtaka mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera atoke. Hakutoka. Meli za kivita za Admeri Rawson zilikuwa zimejipanga mbele ya majumba, na saa tatu na dakika mbili zikaanza kupiga. Kabla ya saa nne kuingia mambo yalikuwa yamekwisha: dakika 38 kwa hesabu moja, 45 kwa hesabu nyingine. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam.

Ninachokihitaji kwa ajili ya ubao wangu ni hiki: kulikuwa na majumba matatu yamepangana ufukweni. Beit el Sahel, Beit el Hukm katikati, na Beit el Ajaib. Yaliunganishwa kwa vivuko vya juu vilivyofunikwa, ili wanawake wa nyumba ya kifalme wapite huku na huku bila kuonekana na mtu wa njiani. Beit el Hukm haikusimama tena baada ya siku ile. Mnara wa taa ulivunjika. Beit el Ajaib, iliyokuwa kubwa na iliyoonekana mbali kuliko zote, ilitoka na majeraha madogo.

Siku ya 9

Kuta. Kwa siku nne nimekuwa nikikata plaiwudi ya milimita 6. Kwa kipimo changu hiyo ni kuta ya sentimita 60, na ndio unene wa kawaida wa nyumba za mawe mjini. Ukichukulia kuwa hii si nyumba ya kawaida ningeweza kwenda mbele zaidi, lakini plaiwudi ya milimita 9 msumeno wangu hauipendi.

Mchana alikuja mzee mmoja jirani, fundi mwashi aliyestaafu, aliyejenga na kukarabati nyumba za mawe maisha yake yote. Nilimwita anitazamie. Baada ya shikamoo na kahawa aliinua kipande cha ukuta, akakigonga kwa kucha, akasema: "Ukuta wako mzuri mno, maalim. Ukuta wa kweli ni mchafu ndani."

Akanieleza, na ingawa nimezaliwa ndani ya kuta hizi nilijifunza. Ukuta wa Mji Mkongwe si jiwe lililochongwa likapangwa. Ni mawe ya matumbawe ya kila namna na kila ukubwa, yaliyotupwa ndani ya udongo na chokaa, makubwa yakielekea nje na madogo yakijaza tumbo la ukuta. Chokaa chenyewe kilichomwa kwa mawe hayo hayo: unapanga magogo duara, unarundika mawe juu, unatia moto, kisha unazima kwa maji na kuacha kikae. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji na kuyatoa. "Unapumua," alisema, akavuta pumzi ili nielewe. Ukiupaka lipu ya saruji umeufunga mdomo. Maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea, yanashuka ndani polepole, udongo unalainika, na nje unaona lipu nzuri isiyo na ufa hata mmoja. Siku tumbo likishuka, hujui limeshuka nini.

Nilimwuliza kuhusu 2020. Akaweka kikombe chini. "Nyumba hailali siku moja," akasema, na hakuendelea. Tukumbuke kuwa hata Desemba 2012 kona ya roshani ilikuwa imekwisha kuanguka.

Siku ya 10

Bado niko na yule mzee kichwani. Kabla hajaondoka aliniuliza kama najua kwa nini nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba kama ushoroba. Najua: boriti. Boriti ya mkoko uliotoka Rufiji au Lamu haibebi dari zaidi ya mita 3 hivi, basi upana wa chumba unapangwa na mti. Sultani, tajiri wa karafuu na mpemba mwenye nyumba ya chumba kimoja, wote walilazwa na mkoko huo huo.

Na hapo ndipo ajabu ya kwanza ya nyumba hii, kwa maoni yangu, na si lifti wala umeme. Barghash aliagiza chuma kutoka nje. Mihimili ya chuma ikabeba sakafu za zege, kuta zikaweza kusogezwa mbali, na ghafla kukawa na chumba ambacho mtu anaweza kusimama katikati akainua mikono pande zote bila kukaribia kitu. Katikati wakaacha uwazi mkubwa unaopanda ghorofa zote. Mwenye nyumba ya boriti akiingia humo alikuwa haingii nyumba ya tajiri zaidi yake. Alikuwa anaingia kitu ambacho macho yake hayajawahi kukipima.

Mimi nimepata kuhisi hivyo mara moja, kwa sababu ya mtepe. Wakati wa makumbusho waliunda mtepe mzima na kuuweka katika uwazi ule: chombo cha ubao ulioshonwa kwa kamba za nazi, hakuna msumari hata mmoja. Chombo kizima cha baharini kimekaa ndani ya nyumba, na juu yake bado hewa imebaki. Nimeamua kuweka mtepe mdogo kwenye ubao, hata kama haulingani na mwaka wowote nitakaochagua. Hapo nitakuwa mkaidi.

Siku ya 16

Nguzo! Varanda za nyumba hii ziliizunguka pande zote, na zilibebwa na nguzo nyembamba za chuma cha kusubu, zile ambazo ukizitazama kutoka Forodhani jioni ziliifanya nyumba ionekane imevaa shela. Mawe ya ukuta yalikuwa nyuma kabisa, kivulini. Bila varanda Beit el Ajaib ni sanduku jeupe. Barghash alikuwa amekaa Bombay, alikopelekwa uhamishoni baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid 1859, na mtu aliyeona majumba ya kule na varanda zake hahitaji kuulizwa wazo limetoka wapi.

Nimehesabu nguzo kwenye picha mara tatu, nikapata majibu matatu. Mpwa wangu akahesabu mara ya nne, akapata la nne. Mwishowe nikachukua picha ya uso wa mbele, nikaikuza, nikaweka kitone cha wino juu ya kila nguzo.

Kuhusu cha kuzitengenezea: vijiti vya mishikaki. Vina unene wa milimita 3, sawa na sentimita 30 kwa kipimo changu, na vimenyooka. Jana usiku nilikwenda Forodhani kununua mishikaki ya watu wanne, nikala peke yangu kwa niaba ya utafiti, na muuzaji aliponiona nakusanya vijiti vilivyotumika akaniongeza fungu zima jipya bila kuuliza. Vichwa vya nguzo ni shanga za mke wangu. Anajua. Sasa anajua.

Siku ya 17

Upande mmoja wa varanda umeanguka usiku. Gundi haikuwa imekauka, nami nikaweka sakafu ya juu kwa pupa. Nimezikuta nguzo zimelala zote upande mmoja, kama watu waliosujudu.

Jambo moja nimeliona kwa ajali hii. Nguzo hizi zikisimama zenyewe hazina nguvu yoyote. Kinachozishika ni sakafu kuzifunga na ukuta nyuma, na ukuta nao unapata kivuli na ukavu kwa sababu varanda inauzuilia mvua. Zinategemeana. Chuma kikishika kutu kinavimba na kuusukuma ukuta, na ukuta ukishalowa haukishiki tena chuma. Nimeichora sehemu hii upya na kuweka kijiti cha kufunga kila nguzo ya tatu, ndani, pasipoonekana.

Siku ya 23

Wiki nzima ni mlango mmoja.

Milango ya kuchonga ya Beit el Ajaib ni hadithi peke yake: mirefu, imechorwa aya za Qur'ani, na herufi zimepakwa dhahabu. Nina kipande cha mvule sentimita 4 kwa 3. Nilinuia kuchonga nakshi zote kwa patasi ya meno, lakini kwa kipimo cha 1 kwa 100 ua moja lina ukubwa wa punje ya chumvi. Nilichoweza ni fremu, mfaa wa katikati, na mistari miwili ya juu kuonyesha pana maandishi. Aya yenyewe sikuiandika. Kuandika Qur'ani kwa herufi ambazo hakuna anayeweza kuzisoma niliona si adabu.

Waongozaji watalii huwaambia wageni kwamba mlango ulifanywa mpana ili Sultani apite juu ya tembo. Mpwa wangu akaleta tembo wa plastiki kutoka sanduku la mdogo wake, tukamjaribu. Anapita. Ila huyo tembo ni mdogo kuliko tembo wa kweli kwa kipimo chetu, kwa hiyo ushahidi umekataliwa.

Mbele ya mlango nimeweka mizinga miwili ya shaba, vipande vya waya niliovipinda. Ile ya kweli ni ya Wareno, ya karne ya 16, ina nembo ya mfalme wao. Waajemi waliiteka Hormuz 1622, na kwa njia za Ghuba na Oman ikaja kupumzika hapa. Mizinga iliyozunguka kiasi hicho kisha ikakaa kimya mbele ya nyumba iliyopigwa kwa mizinga ya wengine! Haya, tuendelee.

Siku ya 24

Ndani ya ghorofa ya juu nimepaka rangi. Hakuna zaidi.

Siku ya 31

Bibi mzaa baba amekuja kututembelea kutoka shamba, akakaa mbele ya meza muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa fimbo dirisha la upande: "Babu yako alikuwa akitokea hapo kutupungia."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Babu alikuwa tarishi. Kuanzia 1911 nyumba hii haikuwa tena ya Sultani wa kukaribisha wageni. Ilikuwa ofisi kuu ya serikali ya Waingereza, pahala palipopitia mafaili ya visiwa vyote viwili. Mwaka ule ule Sayyid Khalifa bin Harub alishika kiti, akakishikilia mpaka 1960, lakini karatasi zilikuwa zikitiwa sahihi humu. Babu alibeba karatasi hizo kutoka chumba hadi chumba, amevaa kanzu na kofia aliyoshonewa na huyu huyu bibi. Nyumba ilikuwa ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Babu hakuiamini lifti hata siku moja. Alisema sanduku linalopanda bila mtu kulivuta lina mwenyewe, na mwenyewe hakutajwa. Akapanda ngazi miaka yote hiyo, na magoti yake bibi ndiye aliyeyasugua kwa mafuta ya karafuu.

Nikamwuliza bibi ngazi zilikuwa upande gani. Akaonyesha kwa fimbo, bila kusita, pahala nilipokuwa nimeacha wazi kwa sababu sikumbuki. Nimezijenga hapo hapo jioni hii. Kama ni makosa, ni makosa ya familia.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba ikaingia mikononi mwa Afro-Shirazi Party, ikawa ya mafunzo na maonyesho ya siasa za chama. Kizazi changu kiliikuta tayari imechakaa na kutulia. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na 2002 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa hesabu yangu, imekuwa ofisi ya serikali miaka mingi kuliko ilivyokuwa jumba la Sultani. Na bado hakuna anayesema "ile ofisi".

Siku ya 38

Sasa mnara. Nimeukwepa kwa mwezi mzima kwa visingizio vya milango.

Hoja ya 1883 ni safi: nyumba kama mwenyewe alivyoitaka, uso wake wote nguzo, hakuna kitu katikati. Nimeitazama kwenye ubao wangu jioni hii, kwa bahati mnara sijauweka, na kwa kweli ni nzuri zaidi. Mistari inakwenda moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Mnara wa 1897 ukiutazama kwa jicho la fundi ni kiraka: matofali na saa, vimepandishwa katikati ya kazi nyepesi ya chuma kana kwamba mtu amebandika mkoba kifuani mwa bibi harusi. Uliwekwa wakati wa Sayyid Hamoud, mwaka ule ule aliotia sahihi amri ya kuondoa utumwa kisheria. Waliotengeneza majeraha ya mizinga hawakutaka kuujenga upya mnara wa taa pale mbele. Wakauingiza ndani ya nyumba.

Lakini nikijenga ya 1883, bibi hataitambua. Babu hakupunga mkono kutoka nyumba hiyo. Hata mimi sikuwahi kuiona, na nilianza kazi hii kwa sababu ya nilichokiona.

Mzee fundi alikuja, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Toboa." Nikasema nitoboe nini? "Toboa uso, uweke chango. Mnara uingie na kutoka."

Nimeona aibu kuwa sikuliwaza mwenyewe. Nimetoboa kwa keekee ya milimita 4 chini na juu, nikachonga mnara wa mninga wenye chango mbili nyuma. Ukiusukuma unakaa, ukiuvuta unatoka. Mbele ya nyumba nimetoboa tundu la tatu kwenye ubao, kwa ajili ya mnara wa taa, ambao nao nimeuchonga kwa kijiti kinene na kuutia vitone vya rangi ya njano. Huku nikiutoa mmoja nauweka mwingine. Pembeni, pale ilipokuwa Beit el Hukm, nimeacha ubao mtupu, nikapaka kijani. Ndivyo palivyo hata leo: bustani, na makaburi ya kifalme.

Mpwa wangu ametumia jioni nzima akichomeka na kuchomoa. 1896, 1897, 1896, 1897. Nimemwambia tundu litapanuka.

Siku ya 40

Bado saa. Uso wa saa nimeuchora kwenye karatasi, kipenyo cha milimita 15, tarakimu kwa wino mweusi. Kinachobaki ni mishale.

Mpwa wangu anataka saa tatu na dakika mbili, kwa sababu ya mizinga. Nimemkatalia. Mnara wenye saa hii haukuwepo asubuhi ile, huwezi kuusingizia. Akasema basi saa ngapi? Nikarudi kwenye kadi moja ya posta, ile yenye milingoti ya Glasgow. Kwa lenzi mishale inaonekana: inakaribia kumi. Mtu wa Ulaya angesema ni saa nne ya asubuhi yetu. Lakini tazama jua. Uso wa nyumba unaelekea bahari, magharibi, na kwenye kadi umewaka wote, nguzo zinatupa vivuli vifupi ukutani nyuma yake. Asubuhi jua liko mgongoni mwa nyumba na uso wote ni kivuli. Kwa hiyo ni alasiri, na saa inasema kumi kwa sababu ni saa kumi: saa ya Kiswahili, ya kuhesabu tokea jua kuchwa na kuchomoza. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na juu ya vichwa vyao saa ilikuwa ikisoma kama ya msikitini.

Nimeibandika mishale saa kumi kasorobo. Gundi bado mbichi. Nimemwambia asiuguse mnara mpaka kesho.